Kompyuta Iliyovikwa Mahameli

Enzi zetu hapa Maskati, kompyuta ya nyumbani ilikuwa na heshima ya mgeni. Ya kwetu ilikaa sebuleni kwenye meza yake peke yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa ana mafuta ya sambusa vidoleni. Kuingia kwenye mtandao kulitaka simu ya nyumba iwe huru, basi kwanza tulitangaza mpaka jikoni: "Asiinue mtu simu!" Kisha tukakaa kimya tukisikiliza modemu ikilia na kukoroma. Vijana wa leo, ukurasa ukichelewa kufunguka kidogo tu, wanataka kuhama nyumba.

Nilikuwa bado skuli kaka yangu Seif alipokwenda kusoma Uingereza. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyemlea. Macho ya Bibi yalikuwa yakififia, na daktari alishamwambia wazi kwamba hayatorudi. Simu haikumtosha.

"Sauti yake nnayo," alisema. "Nnataka uso. Nionyesheni na mimi bado naona."

Baba akanunua kamera akamtumia Seif, na kompyuta akaipeleka kwa fundi mtaa wa Ruwi ikaongezwe memori na kutiwa kadi mpya ya picha, maana ile ya zamani isingeweza. Iliporudi, mama alifurahi kama kaletewa mkwe. Kwetu kila kitu kilivaa: televisheni ilivaa, redio ilivaa, hata simu ilikuwa na kijoho chake. Kompyuta nayo ilikuwa na kitambaa chepesi cha kufuma, lakini mama alisema kitu kipya hakivai nguo kuukuu. Akaishonea mahameli ya kijani yenye mashada ya dhahabu, ndefu mpaka mezani.

Ijumaa baada ya sala, Bibi alivaa kanga mpya, akajifukiza udi, akasogezwa mpaka pua ikakaribia kioo. Paji la uso la Seif likaanza kujitokeza, mstari mmoja mmoja. Halafu picha ikaganda, na kompyuta ikazimika.

"Kenda wapi?" Bibi akauliza.

Wiki nzima tulihangaika. Tuliiwasha, ikafanya kazi kwa muda, ikazimika. Tukairudisha Ruwi, na kule ikawaka tangu asubuhi mpaka duka linafungwa, bila kosa. Tukaileta nyumbani, ikazimika. Fundi akamwambia baba labda kompyuta yetu inaogopa watu wa kwetu. Baba hakucheka. Nilichomoa memori mpya, nikarudisha ya zamani; hali ile ile. Basi memori haina kosa. Nikabadilisha waya wa umeme, nikahamia soketi nyingine. Hali ile ile. Na Bibi kila asubuhi alikuwa akinyoosha mkono mbele ya uso wake, akihesabu vidole vyake mwenyewe.

Nikamuuliza dada yangu Asma: kitu gani kipo hapa ambacho dukani hakipo?

"Dukani?" akasema. "Dukani iko uchi."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikaingiza mkono chini ya mahameli. Kasha la kompyuta lilikuwa la moto kama chuma cha kuchomea mkate. Tulikuwa tukifunua kioo tu. Kasha lilifanya kazi limevikwa, matundu yake yote ya hewa yamezibwa, na joto ndilo lililokuwa likiizima. Kitambaa cha zamani kilipitisha hewa, na kadi ya zamani haikuwa na joto hilo. Sote tulikagua kilichobadilika ndani ya kompyuta, hakuna aliyekagua kilichobadilika juu yake.

Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kazi.

"Kwa hiyo mwaniambia niiache hivi hivi, wageni waione matumbo?" akasema.

"Ivue, mwanangu," Bibi akamjibu. "Mimi siitazami kompyuta, namtazama Seif."

Ijumaa iliyofuata ikavuliwa. Uso ulikuja, umekatikakatika vipande vya mraba, mdomo ukitangulia na sauti ikifuata. Bibi alitazama, akiinamisha kichwa huku na huku kutafuta upande wa jicho uliobaki na mwanga. Mwishowe akasema, "Kakonda. Hamna wali huko?" Seif akacheka, na kicheko kikaganda kwenye kioo, meno yote nje. Hatukuiondoa picha ile mpaka Bibi alipotosheka.

Siku hizi uso wa mtu uko mfukoni, safi, unahesabu hata nyusi. Wanangu wakipigiwa na shangazi yao wanaielekeza kamera kwenye dari, wanazungumza huku wanakula. Siwalaumu. Hawajawahi kuusubiri uso wa mtu wiki nzima.

Seif aliporudi nyumbani, macho ya Bibi yalikwishazimika. Alimpapasa mashavu, polepole, kama anayelinganisha na kitu anachokijua.

"Haya madevu," akasema, "kwenye kompyuta hukuwa nayo."