Ajali Haina Mwenyewe

Dadangu mdogo alianguka mwambani upande wa Bungoma, na mpaka leo kuna wenzetu wasiopenda nikisema "alianguka". Wao husema aliteleza. Mimi nilikuwa pale. Niliona.

Chama chetu cha kupanda miamba kiko Kitale. Wengi wetu ni walimu, wakulima wa mahindi na watu wa maduka. Wikendi tunatafuta mwamba, tunashuka kwa kamba, tunarudi nyumbani magoti yamechubuka na mioyo imetulia. Siku hiyo tulikuwa na wageni, na kocha wetu hakutaka wangoje juani. Badala ya kufunga kamba kwenye jiwe kubwa tunalotumia kila mara, aliifunga kwenye mti uliokuwa karibu. Dadangu, mwalimu wa chekechea kule Kiminini, aliligonga shina kwa kiganja.

"Kocha, huu mti si umekauka?"

"Ati umekauka! Shuka bana, wageni wanangoja."

Akashuka. Mti ukang'oka na mizizi yake. Bahati shina lilikwama kati ya mawe, la sivyo ningekuwa nasimulia mazishi. Alitua kwenye mawe na mguu ukavunjika. Nilimsikia akilia kabla sijamwona.

Wiki iliyofuata tulikutana nyuma ya duka la vitambaa la mwenyekiti, mzee wa Kisingasinga ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Kila mgeni huambiwa kwamba chama hiki hakijawahi kupata ajali, na kocha alikuja kulinda sifa hiyo.

"Ajali ni mtu kulazwa," alisema. "Huyu alifungwa plasta, jioni akaenda kwao. Hilo ni tukio tu."

Tukio! Harusi ni tukio. Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Dadangu alikuwa ameketi mbele yao, magongo yameegemea marobota ya vitambaa, na watu wazima walikuwa wanabishana kama ameumia vya kutosha. Mwanachama mmoja, karani wa serikali, akasema huu ni mchezo wa hatari na kila mtu anajua anachokifuata. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, hata wale waliombeba hadi kwenye gari.

Mwenyekiti akaomba tuinue mikono. Upande wangu ulishinda: ikaamuliwa iitwe ajali. Nikamgeukia dadangu nikidhani atafurahi. Alikuwa anajiinua kwa magongo yake.

"Asante, kaka. Lakini hata hilo neno sitaki. Ajali ni jiwe kuporomoka bila mtu kujua. Mimi niliuliza, nikajibiwa nishuke. Ajali haina mwenyewe. Hii iko na mwenyewe, na ameketi pale."

Kocha alichukua jaketi lake. "Sasa mnanitusi mbele ya watu?" akauliza, na bila kungoja jibu akatoka. Hakurudi tena.

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akamwambia dadangu, "Mwalimu, umesema kweli." Tangu siku hiyo, mtu akiitilia shaka kamba, hakuna anayeshuka mpaka ifungwe upya. Sheria nzuri. Inanikasirisha kila ninapoisikia, kwa sababu haikuhitaji mguu wa mtu.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na kocha sokoni Myanga, akichagua nyanya.

"Niaje! Mguu wa dada yako uko aje?"

"Hajawahi kukuona hata siku moja ukija kumuuliza."

Alirudisha nyanya moja, akachukua nyingine. "Si ilikuwa ajali, bana."

Neno lile lile alilolikataa waziwazi mkutanoni, sasa alikuwa amejifunika nalo. Nilimsogelea. Mama muuza nyanya alinitazama, akasogeza beseni lake kando polepole. Niliondoka bila kununua nilichofuata, nikatembea mpaka nje ya soko nikiongea peke yangu kama mwendawazimu.