Nakala Sitini za Wasifu wa Dada

Dada yangu alipofariki, kazi ya wasifu niliachiwa mimi. Shuleni nilikaa madarasa matatu tu, lakini majina ya ukoo wetu yote yamo kichwani mwangu, ya walio hai na ya waliotangulia, na ndugu wanalijua hilo. Kwa hiyo asubuhi ya maziko nilikuwa Bariadi, kwenye duka la steshenari anakofanya kazi mjukuu wangu, binti wa mwanangu. Mimi nataja, yeye anachapa. Gari la kutupeleka Ipililo lilikuwa nje linatusubiri.

Dada aliniachia ombi moja. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliishi mwezi mmoja na siku chache. Alizikwa nyuma ya nyumba, na baada ya hapo jina lake halikutajwa tena. Mume wa dada hakutaka. Tulibaki kulijua sisi wawili. Mwaka huu, dada akiwa kitandani, alinishika mkono akasema, "Siku yangu wakisoma, wamsome na yeye. Waanze na yeye." Nikamjibu, "Watamsoma."

Pale dukani kuna kompyuta tatu na printa moja, iko chumba cha nyuma, zote tatu zinaitumia. Kompyuta ya mjukuu wangu ni kuukuu. Ile njia ya kubonyeza alama ya printa ilishagoma, kwa hiyo yeye hufungua ukurasa mweusi akaandika amri kwa maneno: anataja printa, anataja idadi ya nakala, anataja jina la faili, basi, kule nyuma mashine inaanza kunguruma. Nilipenda kuitazama kazi ile. Ni kama kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba, unamwita kwa jina anaitika.

Alituma nakala moja kwanza, akanisomea. Watoto saba. Mimi ninayejisifu kukumbuka nilikuwa nimeanza na walio hai, kwa mazoea tu.

"Ngoja," nikasema. "Wako wanane."

"Wanane, Bibi? Si shangazi mkubwa ndiye wa kwanza?"

"Siye. Andika."

Nikamtajia. Alinitazama, kisha akaandika, akabadili ile saba kuwa nane, akahifadhi faili kwa jina jipya ili ile ya kwanza isipotee.

Mwalimu mmoja alikuwa amekaa pale akingoja kuchapa mitihani. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "ukoo wenu ukiendelea hivi wino utaisha, wanafunzi wangu wakose mtihani."

"Wewe nyamaza. Bibi yako mzaa mama alitoka Sola, kwao walizaliwa kumi na mmoja. Nikutajie?"

"Hapana, mayu, nimeshindwa!"

Watu wakacheka. Dereva akapiga honi. Nami nikamwambia mjukuu, "Harakisha, mama."

Kwenye ukurasa ule mweusi ukibonyeza mshale wa juu, amri uliyoandika mwisho inarudi yenyewe, huna haja ya kuiandika upya. Akabonyeza. Ikarudi. Akageuza moja kuwa sitini, akatuma. Jina la faili hakuligusa, lilibaki lile la kwanza. Hilo alikuja kuniambia baadaye.

Karatasi zikatoka. "Bibi, angalia kidogo," akasema. Miwani yangu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa garini.

"Twende," nikasema. "Majina nayajua."

Aliyesoma kaburini ni kitinda mimba wa dada, mtu mzima mwenye mvi. "Marehemu alijaliwa watoto saba."

Nilimtafuta mjukuu wangu kwa macho. Alikuwa amesimama na nakala zilizobaki, anaitazama ya juu, kinywa wazi.

Wasifu ukisomwa, kwetu hakuna anayeukatiza. Lakini si hilo lililonizuia, nisidanganye. Niliona kwamba nikisimama, wote wenye karatasi watamgeukia yule binti. Na watoto wa dada, ambao hawakuwahi kusikia habari ile, wangeisikia pale kutoka kwangu kama ugomvi. Nikasema nitangoja amalize. Alipomaliza, mchungaji akaanzisha wimbo, na jeneza likashushwa.

Nilipotupa udongo nililitaja lile jina chini chini. Lakini dada hakuniomba nilinong'one.

Wiki iliyofuata mjukuu alikuja kwangu analia. "Bibi, ni ule mshale. Ningeandika upya yote..."

"Mimi ndiye niliyekuambia harakisha."

Alitaka kuchapa sitini nyingine. Nikamuuliza, "Umpe nani? Matanga yameisha, watu wako mashambani."

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Halafu nikarudi dukani, nikamwambia afungue faili jingine, la wasifu wangu mimi. Alikataa, akasema ni uchuro. Nikamwambia kwamba mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na watoto wangu wanaandikwa kuanzia yeye. Akaandika. Alipofika kutuma hakugusa mshale. Aliandika amri herufi moja moja, polepole, nami nimesimama nyuma yake na miwani usoni, nalifuata jina la faili mpaka mwisho.

Ile nakala ninayo sandukuni, chini ya kanga. Siku yangu watalisoma jina lile kwa sauti mbele ya watu, na mimi sitalisikia.