Geti Hufunguliwa Saa Kumi na Mbili

Nilitoka Bungoma kwa sababu kichinjio nilichofanyia kazi tangu ujana wangu kilifungwa, na mke wangu Zainabu alikuwa amechoka kuniona nimekaa mlangoni nikikosoa kila kinachopita. Mtu aliyezoea kuchinja ng'ombe wanane kabla ya jua kutoka, ukimwambia akae tu, anageuka kero. Mimi niligeuka kero. Nilikosoa chai, nikakosoa redio ya jirani, nikakosoa jinsi kuku wanavyoparua. Raha yangu ilikuwa moja: kulala mpaka jua litoke, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka na miaka.

Jumanne moja akaja mwanamke mmoja wa Lwakhakha, mpishi wa mandazi, akitaka kupanga chumba chetu cha uani. Nikamuuliza ametoka wapi, anapikia nini, ana mume au hana. Aliponiambia kwamba saa kumi alfajiri huwa ameshatoka na beseni lake kwenda steji ya matatu, nikamkata.

"Mama, geti hili hufunguliwa saa kumi na mbili. Mimi si bawabu."

Akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake. Zainabu aliendelea kuchambua mchele wake.

Jumatano asubuhi binamu yangu Athumani, fundi wa baiskeli kule Kitale, akapiga simu: kuna kichinjio kinatafuta mchinjaji Mwislamu mwenye uzoefu, nije haraka. Nikafunga visu vyangu saba kwenye kipande cha gunia, nikavitia begini chini ya kanzu. Nikiwa natoka, Zainabu akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa geti uache msumarini. Ule mwingine uliupoteza matangani Ndalu, huu hutaupoteza Kitale."

"Sawa."

"Na usiniletee hadithi, Rajabu. Niletee ufunguo wa chumba."

Chwele nilipata lifti kwenye kanta, lori dogo la mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa anarudi Kitale. Nilifurahi bure. Mbele alikuwa ameketi mama mkwe wake, naye kwa desturi yao hawezi kukaa bega kwa bega na mkwewe, wala kusemezana naye ovyo. Basi nikawekwa katikati. Kutoka Chwele hadi Kimilili, Kamukuywa mpaka Kiminini, nilikuwa redio yao. "Mwambie apunguze mwendo." "Mwambie mama barabara ni mzuri." "Mwambie si mimi nimesema mbaya, nimesema polepole." Nilishuka Kitale kichwa kinaniuma na nguo zinanuka beberu.

Athumani anakaa karibu na msikiti, chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto na baiskeli nne za watu. Nilitandikiwa mkeka katikati ya magurudumu. "Kaka, siku nne tu," akaniambia kwa aibu. "Mwenye ploti hii ya kupangisha akiona mtu wa ziada atanifukuza."

Alhamisi saa mbili nilikuwa mbele ya msimamizi wa kichinjio, mzee mfupi mwenye buti za mpira. Alinipa kondoo nichinje, akatazama mkono wangu, akaitikia kwa kichwa kwamba ameridhika. Nikadhani mambo yameisha.

"Unakaa wapi?"

"Natafuta chumba."

"Mimi nimechoka na watu wa mbali," akasema. "Kazi ni saa kumi alfajiri. Daktari wa nyama amefika, magari ya mabucha yamepanga foleni, mchinjaji ati yuko njiani. Jumamosi jioni uniletee namba ya simu ya mwenye nyumba wako, niongee naye mwenyewe. Ukikosa, kuna mtu wa Saboti anangoja hii kazi."

Siku mbili na nusu. Nikasema hilo si jambo, Kitale nzima itakosaje chumba? Loo, sikujua ninachosema.

Ijumaa baada ya swala nilianzia Tuwani. Mwenye ploti wa kwanza alikuwa karani mstaafu mwenye tai. Chumba kizuri, kodi ya kuvumilika, maji yako uani. Nikaanza kutabasamu.

"Geti inafungwa saa nne, inafunguliwa saa kumi na mbili," akasema. "Ufunguo ni moja. Nalala nayo."

Nikamweleza kazi yangu inaanza saa kumi. Nikamwomba nitengenezewe ufunguo wangu, gharama juu yangu.

"Ati ufunguo yako? Halafu wezi wakiingia, nishike nani?"

Ploti ya pili, saa kumi na mbili. Ya tatu, saa kumi na mbili. Jamani! Kama kuna mkutano wenye nyumba wa Kitale walikaa wakakubaliana, mimi sijui. Ya nne ilikuwa ya mama mmoja kule Mitume, na yeye hata swali la geti hatukulifikia.

"Uko na bibi?"

"Yuko Bungoma."

"Anakuja lini?"

"Haji. Nitakuwa naenda mimi mwisho wa wiki."

"Basi wewe ni kapera. Kapera sichukui."

"Mama, mimi nina wajukuu wawili!"

"Hao ndio wabaya zaidi," akasema, akaendelea kuanika nguo.

Ya tano ndiyo iliyonimaliza. Mlinzi, mzee wa makamo, aliniambia nifungue begi kabla ya kuona chumba. Nikafungua. Akafunua gunia, akaona visu saba vimelala vinamelemeta.

"Bana! Hii ni kazi gani?"

"Kuchinja."

"Kuchinja nani?"

Nilimweleza, nikamwonyesha hata kitambulisho changu cha kazi cha zamani, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma. Katika kazi yetu kisu hakionyeshwi mnyama. Siku hiyo niliona bora hata mwenye nyumba asionyeshwe. Nilirudi kwa Athumani nikiwa nimekasirika, nikalala bila kula.

Jumamosi asubuhi Mungu akafungua njia, au hivyo nilidhani. Athumani alisikia kuna ploti ndogo Tuwani ambayo geti lake lina komeo la ndani tu, mtu anajifungulia. Nikampigia simu mwenye ploti. "Kuja saa nane kamili," akasema. "Kuna mwingine anakuja saa nane na nusu. Wa kwanza ndiye."

Saa saba na robo nilikuwa natembea kutoka upande wa Matisi, nimevaa kanzu safi na kofia, begi begani. Mbele ya boma moja watu walikuwa wamesimama na nyuso za msiba, lakini turubai lilikuwa la sherehe. Mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani akaniona, akatoka mbio.

"Sheikh! Sheikh, simama!"

"Mimi si sheikh, mama."

"Uko na kofia. Kuja."

Aliitwa Mama Nanjala, ndiye mwenye boma. Wageni wa posa ya bintiye walikuwa wamefika karibu, nao nusu yao ni Waislamu. Mabeberu wawili walikuwa wamefungwa pale mtini tangu asubuhi, maji yanachemka mpaka yanakauka, na mchinjaji waliyemwita yuko njiani. Yuko njiani tangu saa tatu!

"Siwezi, mama. Nina miadi ya chumba saa nane. Nikichelewa nimekosa kazi."

Hakunibembeleza. Alisimama tu mbele yangu, mikono kiunoni. "Hawa watu wametoka mbali. Wakikaa na njaa kwangu siku ya kuposa msichana, wewe ukiwa umepita hapa na hiyo mkono yako, utalala?"

Hapo alinipata. Kwetu mchinjaji hakatai wageni wa mtu. Anaweza kukataa harusi yake mwenyewe lakini hilo hakatai. Nilitupa begi chini kwa hasira, nikauliza maji yako wapi, nikamwambia kijana mmoja awanyweshe mbuzi na mwingine ampeleke mbuzi wa pili nyuma ya nyumba asione. Nilinoa kisu nikiwa nimewapa mgongo. Huku moyoni ninamlaani yule wa njiani, ninalaani mstaafu mwenye tai, ninalaani beberu kwa kuwa na shingo ngumu. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana bismillahi niliisema kwa utulivu, lakini baada yake sikuwa na utulivu wowote.

Saa tisa kasoro nikapiga simu nikiwa na damu mkononi.

"Nimeshapea mwingine," akasema yule wa komeo, na simu ikakatika.

Basi nikalipuka. Mbele ya wageni, mbele ya wazee wa posa, mbele ya bibi harusi mtarajiwa, nilisema yote: siku mbili, ploti tano, geti, kapera, visu, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili! Mji gani huu ambao mtu haruhusiwi kuamka? Nikanyamaza kwa kuwa pumzi ziliisha.

Mama Nanjala alikuwa akinitazama, mwiko mkononi. "Umetoka wapi?"

"Bungoma."

"Unapika na nini?"

"Jiko la makaa," nikasema kwa uchungu. Hata huyu naye!

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mimi saa tisa niko kwa ng'ombe. Maziwa inachukuliwa saa kumi. Hapa geti inafunguka kabla ya jogoo."

Alinipeleka nyuma ya zizi. Kilikuwa chumba, siwezi kukataa, ila nusu yake ilikuwa magunia ya mahindi yanayosubiri bei. "Utalala hii upande. Bei ikipanda, utapata yote." Sharti lake lilikuwa moja: ng'ombe wake Malaika asione visu. Nikauliza ufunguo. Akanionyesha waya uliosokotwa mlangoni. "Kufuli ilipotea. Nani ataiba mahindi na mimi niko macho?"

Jioni ile nilirudi kichinjioni, na msimamizi akazungumza na Mama Nanjala kwenye simu yangu. Sikusikia alichoambiwa, lakini alinirudishia simu akisema, "Jumatatu. Saa kumi. Huyo mama ni mkali kunishinda."

Jumapili saa nne nilikuwa nimefika Bungoma kuchukua godoro na blanketi, nyama ya posa imefungwa kwenye jani la mgomba. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomweleza Zainabu kuhusu ule waya. Nikafika, geti limefungwa. Nikatia mkono mfukoni, nikakumbuka msumari. Nikagonga.

"Nani?" Sauti ya kike, si ya Zainabu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Rajabu."

"Rajabu wa wapi?"

Geti likafunguka kiasi cha uso. Alikuwa yule mwanamke wa Lwakhakha, unga umempanda mpaka viwikoni. Shingoni alikuwa amening'iniza ufunguo wangu, kwa uzi mwekundu wa cherehani ya Zainabu. Alinijua, na mimi nikajua amenijua. Alinitazama kanzu, akatazama begi, akatazama jani la mgomba.

"Umetoka wapi?"

"Kitale."

"Unafanya kazi gani?"

"Mchinjaji."

"Inaanza saa ngapi?"

Niliona haya, nawaambia ukweli. Miaka yote ile nilikuwa nikitoka kwenye geti hili saa kumi alfajiri, ufunguo mkononi, wala hakuna aliyeniuliza kitu. Maswali niliyoyalaani Kitale nzima nilikuwa nimeyauliza mimi mwenyewe Jumanne, nikiwa nimesimama hapa hapa.

"Saa kumi," nikasema.

"Alfajiri?"

"Alfajiri, mama."

"Haya. Ngoja niulize mwenye nyumba."

Akafunga geti. Nilisikia ufunguo ukizunguka, kisha ndani nikasikia Zainabu akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kichinjio kifungwe. Nikaweka begi chini, nikangoja nifunguliwe.