Kioo cha Kujitazama

Asubuhi ile chai ilikuwa na sukari nyingi. Nikamwambia.

"Kunywa, fundi," mke wangu akasema. "Labda na maneno yako yataingia utamu."

Akarudi kwenye meza yake ya dirishani, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akalowesha brashi. Mbele yake palikuwa na picha moja. Msichana wa jikoni amekaa kwenye kigoda, mguu mbele. Mtumishi wa mfalme amepiga magoti, ameshika kiatu. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi isipokuwa hicho kiatu. Kilikuwa cheupe, kama pengo mdomoni.

"Hicho kinangoja nini?" nikauliza.

"Kinakungoja wewe."

Alitaka karatasi inayong'aa aibandike pale, ili mtoto akifungua kitabu ajione kiatuni. Jioni mhariri wa kitabu angepita kuichukua picha aipeleke kiwandani ikachapwe. Nikavaa kofia. Mlangoni akaniambia maneno machache. Nikaitika, "Nimesikia," nikaenda. Masikio yalisikia. Mimi sikusikia.

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho.

Mke wangu alikuwa mchoraji wa hadithi za watoto wadogo. Mtaani walimwita Mama Rangi, maana hakuwa na nguo isiyo na doa. Alianza kwa kufagia kwenye kiwanda cha uchapaji. Aliokota vipande vya karatasi vilivyokatwa pembeni, akavichora. Siku moja msimamizi alimkuta anamchora yeye, kitambi na vyote. Mke wangu akajua kazi imeota mbawa. Msimamizi akaitazama ile picha, akasema, "Kitambi umekipunguza. Una adabu." Akampandisha ghorofani kwa mhariri.

Hadithi zenyewe ni zile kongwe zilizotembea dunia nzima. Mbwa mwitu aliyevaa nguo za bibi. Watoto waliotupwa msituni. Msichana wa jikoni na kiatu chake. Ofisini walizisimulia upya kwa maneno mafupi, yeye akazitia sura.

Kitabu cha mtoto asiyejua kusoma husomwa kwa picha. Mimi shule niliipita kwa nje, nikienda kushona viatu. Kwa hiyo nilikuwa msomaji wake wa kwanza. Akimaliza ukurasa ananiita, "Fundi, njoo usome." Nikisoma visivyo, anachora upya. Herufi nilikuja kujifunza uzeeni, kwenye vitabu hivyohivyo, ndiyo maana naandika kama mtu anayepiga misumari.

Mbwa mwitu hatukuwahi kumwona, yeye wala mimi. Akamchora mbwa wa jirani yetu muuza mkaa. Kitabu kilipotoka, jirani alikuja nacho mkononi.

"Shemeji, mbwa wangu kakukosea nini hata umvishe gauni?"

"Mlishe, shemeji," akajibu. "Akishiba nitamvua."

Mama wa kambo alikataa kabisa kumchora na sura mbaya. Mhariri alimsihi, watoto watamjuaje? Akasema, "Mimi penseli ya kwanza nilinunuliwa na mama wa kambo. Kama hadithi inamtaka mbaya, na aseme mabaya. Uso wake siugusi." Ndiyo maana kwenye vitabu vyake mama wa kambo ni mzuri kuliko wote, na watoto huuliza maswali.

Kile kiatu kilikuja tukiwa bado vijana. Ofisini walimwandikia kwamba msichana alivaa kiatu cha kioo. Akanigeukia.

"Fundi, kioo kipi hiki? Cha dirisha au cha kujitazama?"

"Cha dirisha hakifai," nikasema. "Huyu anashinda jikoni, ana magaga. Mwana wa mfalme atayaona yote."

Alicheka mpaka akaweka brashi chini. Halafu akaishika tena. Akasema, "Basi cha kujitazama. Nyumba nzima hakuna anayemtazama huyu mtoto. Awe na kitu cha kumwonyesha kwamba yupo."

Akachora kiatu cha kioo hicho. Ofisini nao wakacheka, ila kicheko kingine. Walidhani hakuelewa. Mhariri wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Alisema hadithi inataka kioo kinachopitisha mwanga, na karatasi za kung'aa kiwanda hakiziwezi. Wakamtafuta mtu mwingine achore kiatu. Kitabu kikatoka na kiatu kama bilauri ya maji. Mke wangu alikileta nyumbani, akawapa watoto wetu, akaenda kupika. Picha yake aliiweka chini ya godoro. Tukailalia miaka yote.

Hakulirudia jambo hilo. Ila kila nilipong'arisha kiatu cha mteja, alikuwa akikiinamia kabla sijakifunga.

"Umeona kasoro?" namuuliza.

"Nimeona bibi kizee, ananikodolea macho."

Nikadhani ni utani tu.

Mwaka huu akaja mhariri mpya, binti mdogo aliyekua akivisoma vitabu vyake. Walitaka kukitoa upya kile cha msichana wa jikoni. Mke wangu akainua godoro, akamwonyesha. Yule binti akakaa chini bila kukaribishwa.

"Mama, hiki ndicho tutakachochapa. Siku hizi karatasi ya kung'aa tunaiweza. Utubandikie mfano tu."

Mke wangu, mwanamke mwenye jibu la kila kitu, akaenda kuosha brashi zilizokuwa safi. Picha ya zamani ilikuwa imekunjika na kufifia. Akachora nyingine, akiupumzisha mkono mapajani kila mara. Kikabaki kiatu.

Nikaenda dukani. Duka la kwanza la vifaa vya shule walikuwa nayo karatasi ya fedha, ila ilikuwa na ukungu. Nikasema hapana. Mtu kangoja tangu ujana wake, nimpelekee kitu hafifu? La pili ilikuwa ya kufungia zawadi, ina maua. Hapana. Nikavuka mji. Fundi wa vioo vya magari akanielekeza kwa waandika mabango. Jua likanipata huko, likanipita. Kwa waandika mabango nikaipata, safi kabisa. Niliona hata ndevu nilizosahau kunyoa. Nikarudi nayo kifuani kama mtoto mchanga. Nilikuwa na furaha njia nzima.

Mlangoni kwetu palikuwa na viatu vingi. Mimi viatu vya watu navijua kama nyuso zao. Vya binti yangu. Vya muuza mkaa. Vya mhariri. Vyote vimevuliwa ovyo, hakuna jozi iliyokaa pamoja. Nikajua kabla ya kuingia.

Binti yangu aliniambia mama yake alianguka pale mezani baada ya mchana. Walipomlaza aliuliza, "Fundi karudi?" Wakamwambia yuko njiani. Baadaye akauliza tena. Hakuuliza mara ya tatu.

Watu wa matanga walipotawanyika nilikaa mezani kwake. Ile karatasi nzuri haikushika. Mimi, niliyegandisha soli maisha yangu yote. Nilijaribu gundi yake, nikajaribu yangu. Ilijikunja, ikabanduka, ikadondoka.

Mhariri alikuja, akaona, akasema taratibu, "Baba, tunaweza kurudisha kile cha bilauri. Hakuna atakayekulaumu."

"Nipe hadi kesho, mwanangu," nikamwambia.

Asubuhi binti yangu alifungua pakiti mpya ya majani ya chai. Karatasi ya ndani ikang'aa. Karatasi ile nimeiona kila pakiti inapofunguliwa, tangu nioe. Ilikuwa rafuni siku ile nilipovaa kofia, hatua chache kutoka kwenye meza yake.

Nikaikung'uta, nikainyoosha kwa kijiko. Nikaikata kwa kisu cha ngozi, kiatu cha mguu wa kushoto, kisigino kifupi kama alivyokichora. Kukata kiatu najua. Nikaibandika. Ikashika.

Mjukuu wetu, ambaye bibi yake alimwita mke mwenza, akainama juu ya picha.

"Babu, huyu kiatuni nani? Hana macho."

"Sogea."

Akasogea mpaka pua ikagusa. "Ni mimi! Mbona nimenenepa?" Akacheka, akatoa ulimi, akatazama ulimi. Akawa hasogei tena pale. Chai yake ilipoa.

Mhariri aliichukua picha ikiwa hivyo. Kitabu sasa kiko kiwandani. Ile karatasi safi niliyovuka mji kuitafuta iko chini ya godoro, upande wake.

Na maneno aliyoniambia mlangoni asubuhi ile, mimi nikaitika kwamba nimesikia, yalikuwa haya:

"Lete chochote kinachong'aa, fundi, urudi upesi. Sitaki kizuri. Nataka leo."