Mpaka Majani ya Mtapo Yakomae

Nilifika Morogoro nikitokea Tabora, na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati, na kazi ya ukarani wa bohari ambayo sikukusudia kudumu nayo. Nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja wa Kiluguru, upande wa juu wa mji, pale barabara inapokwisha na mlima kuanza. Binti yake na wajukuu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Mlali. Yeye aligoma kuiacha nyumba aliyojenga marehemu mumewe. Jioni tulibaki wawili tu, kila mtu na jiko lake, ukungu ukishuka mpaka kwenye bati.

Siku nilipomwambia kwetu ni Tabora alicheka mpaka akashika mbavu.

“Kumbe mtani wangu! Nimekaribisha mpagazi nyumbani. Miguu yenu nyie haijatulia tangu enzi za babu zenu. Pembe zangu za ndovu umeziweka wapi?”

“Zimekwisha, bibi. Nimebeba sanduku tu.”

“Basi siku moja utalibeba tena, mimi nibaki na vumbi lako.”

Alicheka tena, lakini safari hii hakunitazama.

Uani kulikuwa na mitapo miwili michanga. Mtapo ukiuona kwa mbali utadhani ni mnazi mdogo uliokataa kurefuka, ila jani lake ni gumu na ncha zake zinachoma. Mumewe aliileta kutoka pwani, akafa kabla haijashika vizuri. Bibi aliipanda kama watu wa mlimani wanavyopanda migomba: shimo kubwa, samadi mbichi, na kibonde cha kukusanya maji kuzunguka shina. Kila alipoosha vyombo alimwaga maji humo. Ikabaki na majani machache ya manjano, wala haikuongeza hata moja.

Shuleni kwetu mitapo ilikuwa mbele ya ofisi, na kwa vile elimu yetu ilikuwa ya kujitegemea, watunzaji tulikuwa sisi wenyewe.

“Bibi, huu si mgomba. Unauzamisha.”

“Mti ukikosa maji unakufa.”

“Huu ukizidiwa maji unaoza.”

“Na mpangaji akizidiwa maneno?”

Hata hivyo Jumapili iliyofuata alinishikia jembe. Tuliing’oa yote miwili, nikakata mizizi iliyooza, tukaiacha kivulini mpaka majeraha yakakauka. Nilichota mchanga kwenye kijito, nikachanganya na udongo na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, tukaipanda juu ya matuta kwenye jua, vichwa vyake vikiwa wazi. Bibi alitaka kukata yale majani ya manjano ili mapya yapate nafasi. Nikamkataza. Mtapo hula kupitia majani hayo hayo mabovu, ukiyakata mapema unaunyima chakula.

Kisha hapakutokea kitu. Vuli ikapita. Asubuhi nikitoka kwenda kazini nilimkuta ameinama juu ya matuta.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mtani, umeniulia miti ya mume wangu.”

Mimi mwenyewe nilianza kuamini. Bohari ilinichosha, mji ulinichosha, na nikaulizia kazi Turiani kwenye miwa. Masika yalipokolea, vichwa vya mitapo vikavimba, vikaota manyoya kama vifaranga. Halafu majani yakatoka yote kwa pamoja, duara zima, laini, ncha zimejikunja. Bibi aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulichuchumaa pale tukiyatazama. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimepata jibu la Turiani, na nikamwambia.

Alifuta mikono kwenye khanga taratibu.

“Chukua mtapo mmoja. Mpagazi haondoki mikono mitupu.”

“Asante, bibi.”

“Lakini si sasa. Ukiuhamisha majani yakiwa laini yatapinda, yabaki hivyo hivyo. Si wewe uliyenifundisha? Subiri yakomae.”

Nilipeleka habari Turiani kwamba nitachelewa. Kila jioni bibi alilishika jani kati ya vidole viwili, akafikiri, akasema, “Bado.” Hatukuwasha tena majiko mawili. Alinipikia ndizi, mimi nikapanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika kwa ajili yetu wote. Baadaye nilianza kuyagusa majani mwenyewe akiwa hayupo, na nilihisi yamekwisha kuwa magumu. Jioni akayashika.

“Bado,” akasema.

“Bado kabisa,” nikaitikia.

Halafu asubuhi moja nikamkuta amekwisha kuung’oa mtapo mmoja peke yake na kuupanda ndani ya debe. Alinionyesha kidole chenye tone la damu.

“Yamenichoma, mtani. Yamekomaa. Nenda, kazi za watu hazingoji.”

Nilibeba debe mkono mmoja na sanduku mkono mwingine, naye akabaki mlangoni akipiga kelele kwamba hatimaye ameniona na mzigo.

Nimekaa Turiani, na kwingine kwingi baada ya hapo. Kila nikihama mtapo unanuna, unakaa miaka bila kutoa kitu. Sasa nimevuka arobaini, nimepanga chumba Dumila, karibu na njia panda, ambapo kila mtu anapita na hakuna anayeniita mtani. Masika haya umetoa majani, duara zima.

Juzi dereva mmoja wa lori ninayefahamiana naye alisimama mlangoni.

“Karani! Singida kuna kazi. Panda twende.”

“Nasubiri majani yakomae.”

“Majani gani tena?”

Nikamwonyesha debe. Akalitazama, akanitazama.

“Kwani huo ni mchicha?”

Niliinama nikayashika mbele yake. Yalinichoma.

“Bado,” nikamwambia.