Ubao Uliojumlisha Moja na Moja

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimbandika jina la Mama Swichi, maana hakumaliza kipindi bila kusema, "Kompyuta ni swichi tu, wanangu." Jina lenyewe alilibeba kifua mbele. Alikuwa mwalimu wa elektroniki, mwenye sauti ya kupenya ukuta.

Siku moja msichana wa dawati la mbele, asiyeona haya kuuliza, alimkatiza. "Mwalimu, simu yangu inapiga picha, inapiga hesabu. Hizo swichi ziko wapi?"

"Ndani ya prosesa, ubongo wa simu, mabilioni, ndogo mno kuonekana. Zinaitwa transista. Haziwashwi kwa kidole. Umeme kidogo ndio unaoufungulia umeme mwingine njia."

Darasa likaitikia kwa adabu. Mama Swichi aliijua adabu ile: hawakusadiki hata chembe.

Jioni akamwambia mumewe, seremala, "Nirandie ubao mpana kama mlango."

"Unamfungia nani?"

"Nataka kujumlisha moja na moja."

Mume alicheka nusura randa imponyoke. "Kumbe nimeoa mwalimu asiyejua moja na moja!" Lakini ubao aliuranda ukateleza kama kioo.

Transista alizichomoa kwenye redio mbovu za fundi wa mtaani, kubwa za kushikika, akazilehemu pamoja na swichi mbili na taa mbili. Taa ya kulia ilisimamia moja, ya kushoto mbili.

Siku ya kuonyesha, mkuu wa chuo naye alikuja. Mama Swichi akawasha swichi moja. Taa ya kulia ikawaka. Makofi. Akawasha na ya pili. Taa ya kulia ikazimika, kama ilivyotakiwa, lakini ya kushoto ikagoma kuwaka.

"Moja na moja ni sifuri!" mtu akanong'ona nyuma. Darasa likaangua kicheko, na Mama Swichi akacheka nao.

"Umeme umekwama mahali," akasema, akimkabidhi kipimo cha umeme yule msichana. "Njoo tuufuate."

Wakaufuata waya kwa waya hadi kwenye transista mbili zilizounganishwa kwa kufuatana. "Hili ni lango," Mama Swichi akaeleza. "Zote mbili zikifunguka, umeme unapita. Moja ikifunga, basi."

"Ya chini imefunga, mwalimu. Imeungua?"

Akaichomoa, akaipima. Nzima. Akaisogeza karibu na macho, akaguna. "Hii ni ya aina nyingine, miguu yake imepangwa tofauti. Mimi ndiye niliyeiunganisha ovyo."

Akazigeuza waya zake, akalehemu upya. Safari hii taa ya kushoto iliwaka, na darasa likalipuka kwa vigelegele.

Msichana hakupiga hata kofi. Alikuwa akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima. "Na tukitaka mbili na tatu?"

"Tutaongeza malango."

Mkuu wa chuo akaomba ubao uhamishiwe ofisini kwake, wageni wauone.

"Hauondoki," Mama Swichi akakata maneno. "Wageni waje darasani."