Askari Wavivu wa Ukoo Wetu

Kosa ni langu, na nalikubali kabla mama hajanisemea. Yeye ndiye hushika ufunguo wa lango la jengo letu hapa mtaani Jericho. Jumamosi mkokoteni wa taka ukifika, hupanda ngazi na mwiko wake akigonga kila mlango mpaka watu watoe mifuko. Kwa hiyo aliponiuliza kazi ninayofanya maabara ni ipi hasa, nilimweleza kwa lugha ya taka.

"Damu ina askari," nilimwambia. "Wakikuta kolesteroli imekwama kwenye mishipa, wanaila. Wakizidiwa wanavimba, wanabaki palepale, mshipa unaanza kuziba. Lakini ndani ya kiini cha kila askari kuna kipokezi, mlinzi kama wewe. Akihisi kolesteroli imezidi, anaamsha jeni za kutengeneza pampu, na pampu zinaisukuma nje. Huko nje kuna mkokoteni wa kuipeleka kwenye ini. Sisi maabara tunawalisha askari mafuta, tuone mlinzi anaamkaje."

Mama alifurahi kupita kiasi. Kwenye chama chao aliwatangazia akina mama wote kwamba hata mwilini mwake kuna mwenye lango.

Miezi miwili baadaye nilikuwa natafuta iliki ya chai. Ndani ya kopo la viungo nikakuta vidonge vya kolesteroli alivyoandikiwa siku kifua kilipombana kwenye ngazi. Tangu ile hadithi yangu hakuwa amegusa hata kimoja.

"Si ulisema niko na mlinzi?" alinijibu. "Sasa dawa ni ya nini? Mtu ako kazini mnamdharau?"

Nilikasirika, halafu nikaogopa sana, kwa sababu mama ninaye mmoja tu. Mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa chake. Nilibishana naye wiki nzima, mimi msomi wa familia, na akanishinda kila jioni.

Jumamosi ikafika. Jirani wa juu alikuwa amepokea wageni wa ruracio, walioleta mahari ya binti yake, na mkokoteni ulijaa kabla ya mlango wa nne. Mama alisimama langoni, mwiko mkononi, mifuko imemfika magotini.

"Lango nimefungua, milango nimegonga, na hawa wanaleta tu!" alifoka. "Mkokoteni ni mmoja, nifanye nini?"

"Umejijibu, mama. Mlinzi wako hajalala. Kinacholetwa ndicho kingi. Hicho kidonge kinalizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi hivyo."

Alininunia mpaka wakati wa chai. Nilikuwa nimejinunulia bhajia, na nilikuwa nakula bila wasiwasi.

"Hao askari mnaowalisha mafuta huko maabara," alisema ghafla, "ni wa nani?"

"Wangu. Tunatolewa damu sisi wenyewe."

"Na mlinzi wao?"

Nilitamani asingeuliza. "Tunamwamsha na dawa. Wa wenzangu huamka upesi. Wangu anachukua muda."

Nilingoja anicheke. Siku nyingine angenicheka mpaka majirani wasikie. Badala yake aliivuta sahani yangu ya bhajia, akaifunika, akafungua kopo la viungo.

"Damu yangu hiyo," alisema, akameza kidonge. "Jumatatu kliniki tunaenda wawili."